Kifua kikuu cha uti wa mgongo: namna ya kukikamata kabla hakijamlaza mtu

Mwongozo huu ni wa tabibu na muuguzi wa zahanati, yule wa Pongwe, Mkinga au Pangani, ambaye mgonjwa wa mgongo humfikia kwanza. Hapa Tanga mtu haji akasema "nina TB ya mgongo". Husema ana ngiri, ana chango, au aliteguka akibeba gunia. Keshachuliwa kwa mafuta ya nazi, keshaumikwa, ndipo anakuja kwako kutaka sindano. Nasi tunampa.

Nilimpa mimi pia. Miaka yangu ya mwanzo kazini, kijana mvuvi alinijia mara tatu ndani ya miezi miwili, na mara zote tatu nikamwandikia diklofenaki ya kutuliza maumivu. Mara ya nne aliletwa kwa mkokoteni, miguu haimbebi. Nilipomvua shati nikaona pingili moja imechomoza katikati ya mgongo kama kifundo cha ngumi. Zile mara tatu za kwanza alikaa kwenye kiti mbele yangu akiwa amevaa nguo zake zote.

Hatua ya 1: Mvue nguo

Kwa mama, mwite muuguzi wa kike awepo, na kanga imsitiri sehemu nyingine. Pitisha kidole gumba juu ya kila pingili kuanzia shingoni hadi nyongani, kisha gonga polepole kwa upande wa ngumi. Unatafuta sehemu moja inayouma kuliko nyingine, au nundu. Ugonjwa huu hupenda zaidi pingili za chini ya kifua na za juu ya kiuno.

Halafu dondosha kalamu, umwombe aiokote. Mwenye ugonjwa huu hainami: huchuchumaa na mgongo wima kama mti, mkono ukijishika pajani. Kwa mtoto tumia pipi, kalamu hataiokota.

Shika pia kinena na ubavu. Usaha wa pingili za kiuno hufuata msuli wa ndani ukatokeza kinenani kama uvimbe laini usio na joto. Huo ndio "ngiri" wa baadhi ya wagonjwa wetu. Usiupasue hapo zahanati. Utaacha tundu linalovuja kwa miezi.

Hatua ya 2: Uliza mambo yasiyo ya mgongo

Maumivu yana wiki ngapi? Yanamwamsha usiku? Nguo zimempwaya? Jasho linalowesha shuka? Kuna mtu nyumbani aliyewahi kutumia dawa za TB? Maziwa anayokunywa yanachemshwa? Swali la kikohozi liulize, ila jibu la "sikohoi" lisikuondoe njiani, maana wengi wao hawakohoi kabisa.

Kisha miguu. Swali langu ninalolitegemea ni hili: "Kandambili zinakuvuka bila wewe kujua?" Akikubali, uti wenyewe, ule uzi wa neva upitao ndani ya pingili, umeshaanza kubanwa. Muulize kama mkojo unamchelewa au unamtoka. Mtembeze, mpime nguvu za miguu yote miwili, uandike kwenye faili na tarehe, ili atakayempokea ajue alikuwaje ulipomwona.

Hatua ya 3: Vipimo

Tahadhari moja kwanza. Mama akilalamika mgongo, mara nyingi karatasi huandikwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na anapewa siprofloksasini. Dawa za kundi hilo humpunguza nguvu kidogo mdudu wa TB: mgonjwa anapata nafuu ya wiki mbili tatu, na wewe unapoteza miezi. Usizitoe kwa mgongo usiojua unauma kwa nini.

Piga eksirei ya mgongo, ya mbele na ya ubavu. TB kwa kawaida hula pingili mbili zilizopakana pamoja na diski iliyo katikati, upande wa mbele, ndiyo maana mgongo hujikunja kwenda mbele na kibyongo kikatokea. Kansa iliyosambaa mara nyingi huiacha diski salama, ikala vile viguu viwili vya pingili vinavyoonekana kama macho kwenye picha ya mbele; jicho moja likiwa limefumba, mchunguze matiti, shingo ya kizazi au tezi dume. Kwa mfugaji wa Handeni au Kilindi fikiria pia ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo. Kwa mwenye selimundu, fikiria bakteria wa kawaida wa mifupa.

Eksirei safi haimaanishi mgongo mzima. Mfupa lazima upoteze theluthi au hata nusu ya madini yake ndipo picha ionyeshe. Kama dalili ni nzito, mpe rufaa hata kama picha ni nzuri. MRI ndiyo huonyesha mapema zaidi, pamoja na usaha na jinsi uti unavyobanwa. Kwa wengi wetu hiyo ni safari, kuanzia hospitali ya mkoa ya Bombo hadi pengine MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili kule Dar es Salaam.

Ongeza ESR (kasi ya chembe nyekundu za damu kutuama), kipimo cha VVU, picha ya kifua, na makohozi kama yapo. Uthibitisho wenyewe ni usaha au kipande cha mfupa kilichotolewa kwa sindano, kikapimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo pia huonyesha usugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Ukiwepo usugu, matibabu ni mengine kabisa: mpigie mratibu wa TB na Ukoma wa wilaya siku hiyohiyo.

Na huyo mwenye miguu dhaifu asipande bodaboda. Alale chali, mgongo umenyooka, hadi anakokwenda.

Hatua ya 4: Dawa

Kwa uti wa mgongo tunakwenda miezi 12: miezi 2 ya rifampisini, aisoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi 10 ya zile mbili za kwanza. Kwa mtu mzima, vidonge vya mchanganyiko ni 3 kwa siku akiwa na kilo 38 hadi 54, na 4 akiwa na kilo 55 hadi 70. Dawa ni bure, mwambie hivyo mapema kabla hajauza mbuzi.

Mwambie pia mkojo utakuwa rangi ya chungwa. Wapo waliotupa dawa wakidhani wanakojoa damu. Mpe piridoksini kwa ajili ya ganzi. Macho yakiwa manjano, asimamishe dawa na aje mbio. Akianza kuchanganya nyekundu na kijani, ethambutoli iache. Vidonge vya majira na kijiti hupungua nguvu, kwa hiyo zungumzeni kuhusu sindano au kitanzi. Anayetumia dolutegravir, dawa ya VVU, anahitaji miligramu 50 mara 2 kwa siku badala ya mara 1.

Nyumbani msiwatengee sahani. TB iliyo mgongoni peke yake haiambukizi, ndiyo maana kile kifua tulikipiga picha.

Hatua ya 5: Kitanda, kisu na kusubiri

Zamani wagonjwa hawa walilazwa kwa miezi, wengine ndani ya plasta. Utafiti uliofanywa Masan, Korea, ulilinganisha waliolazwa kitandani miezi 6 na waliotembea tangu mwanzo, wote wakitumia dawa, matokeo hayakutofautiana. Kwa hiyo asiye na udhaifu wala mgongo unaoyumba, mwache atembee. Asibebe mzigo, asichuliwe.

Upasuaji ni wa wachache: miguu inayozidi kulegea, pingili zisizoshikamana, usaha mwingi, kibyongo kikubwa. Aliyepooza ageuzwe kila saa 2, au kidonda cha kulalia kitamuua kabla ya TB.

Usihukumu dawa kwa eksirei, picha huchelewa. Angalia uzito, usingizi, ESR na miguu. Yule mvuvi alisimama mwezi wa tano, akishika ukuta. Kibyongo chake kipo hadi leo.

Mtoto ni habari nyingine. Hata akipona, mgongo unaweza kuendelea kupinda kadiri anavyorefuka, kwa hiyo mwezi wa 12 haumalizani naye: mpe tarehe ya kurudi kila mwaka hadi aache kukua.