Ukitaka kuonyesha kazi za mchongaji wa kwenu maktabani

Anza na mtu, vinyago vitafuata. Hapa Mtwara nasaidia kupanga maonyesho ya wachongaji wetu wa Kimakonde maktabani, na huwa naona wageni wanapita haraka mbele ya kinyago kizuri, kisha wanasimama kwenye picha ya mzee ameshika tezo. Kwa hiyo nenda kwanza kibandani kwake ukae naye. Muulize alifundishwa na nani, wazee wake walivuka Mto Ruvuma lini kama asili yao ni Mueda, kule Msumbiji, na kinyago kipi amekataa kukiuza. Ukiruhusiwa, mrekodi kwa simu. Maelezo ya ukutani yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe, naye asomewe kabla hayajachapwa.

Nakuomba sana, usiandike "kinyago cha Kimakonde" ukaishia hapo. Kazi hizi zina wenyewe. Mtindo wa shetani, ule wa mizimu yenye maumbo ya ajabu, unahusishwa na Samaki Likankoa. Ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. George Lilanga (1934–2005) naye alichonga kabla ya kujulikana kwa picha zake za rangi. Basi na fundi wako jina lake liwe juu, kwa herufi kubwa, likifuatiwa na jina la kazi, mwaka na aina ya mti.

Sasa mpingo wenyewe, mti wanaochongea vinyago hivi. Ni mti mzito, ukiutia majini unazama, kwa hiyo jaribu meza kabla ya kupanga, na vinyago virefu viwe karibu na ukuta, mbali na njia ya watoto. Usiweke kazi dirishani kwenye jua wala mbele ya kiyoyozi. Mti ukikauka ghafla unapasuka, na ufa haurudi. Vumbi litolewe kwa brashi laini, kavu. Kiwi ya viatu usiiguse kabisa, inaua mng'ao wa mti na kumfanya mnunuzi ashuku kwamba ni mti mwingine uliopakwa rangi.

Omba pia gogo ghafi lenye ule ukingo wake mweupe, na kazi iliyoishia katikati. Viweke kando ya kinyago kilichokamilika, mtu aone weusi ule unatoka ndani ya mti. Patasi na tupa zifungiwe kwenye kabati la vioo. Lakini chagueni pamoja na fundi kinyago kimoja cha kushikwa. Wasioona wanakihitaji, na watoto pia.

Kuhusu fedha, andikianeni mapema: nani analipa usafiri, kazi zinauzwa au la, na zikiuzwa fedha ziende moja kwa moja kwa fundi. Kila kazi ipigwe picha pande zote, nyufa za zamani ziandikwe daftarini, nyote wawili mtie sahihi siku ya kupokea. Siku ya kurudisha, fungueni daftari lilelile, mkague kazi moja moja mbele yake kabla gari halijapakiwa.