Kabla ya Kuandika Tasnifu: Wizi wa Kitaaluma Huanzia Daftarini

Mwanafunzi wa uzamili anayekwenda Bagamoyo kutafiti misafara ya pembe za ndovu hushughulikia kwanza nauli, kibali na kinasa sauti. Daftari halimshughulishi, na balaa huanzia humo: sentensi iliyonakiliwa leo bila alama za kunukuu, baada ya miezi sita ataiona kama yake.

Kwa hiyo kabla ya kunakili chochote, andika mwandishi, mwaka, jina la kitabu na ukurasa. Ukipiga picha kwa simu, anza na ukurasa wa jina la kitabu. Kwa hati za hifadhi ya nyaraka, andika namba ya jalada. Kila dondoo lipe herufi: N ni nukuu, M ni muhtasari, W ni wazo lako. Programu ya Zotero hutunza rejea bila malipo, lakini haijui sentensi ni ya nani.

Wengi hunaswa kwenye kubadili maneno. Tuseme kitabu kinasema: “Wapagazi waliofika pwani walitua mizigo na kusubiri majahazi ya Unguja.” Mwanafunzi anaandika: “Wachukuzi waliowasili pwani walishusha mizigo wakingoja majahazi ya Unguja.” Mifupa ni ileile, na kuweka rejea hakutoshi. Funga kitabu, andika ulichoelewa, kisha fungua ulinganishe. Kutafsiri aya ya Kiingereza ukaiacha bila rejea ni wizi uleule. Programu ya kukagua mfanano inaweza isiuone, ila mtahini aliyekisoma kitabu atauona.

Kwamba mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868 hakuhitaji rejea, kunajulikana. Hoja ya mwanahistoria kuhusu kwa nini walichagua mji huo ina mwenyewe, mtaje. Vivyo hivyo maelezo ya mzee uliyemhoji Dunda, kata ya Bagamoyo: akiomba jina lisitajwe mpe msimbo, lakini usiyageuze kuwa uchambuzi wako.

Ukifuata APA, mtindo mmojawapo wa kuandika marejeleo, nukuu ya maneno 40 au zaidi hujitenga kama aya, bila alama za kunukuu, na ukurasa hutajwa.

Asilimia inayotolewa na Turnitin, programu ya kulinganisha maandishi, ni ya mfanano tu. Hata asilimia 8 inaweza kuwa aya moja nzima ya kuiba, na 25 ikawa nukuu halali na orodha ya marejeleo. Isome ripoti mstari kwa mstari. Na rasimu usimpe rafiki wa chuo kingine aipitishe kwenye programu hiyo huko: ikihifadhiwa kwenye hazina ya programu, tasnifu yako halisi itakuja kufanana nayo karibu yote, na wewe ndiye utakayetakiwa kujieleza.