Kuona damu ikikimbia mkiani mwa kifaranga wa sato

Kifaranga wangu wa kwanza alifia mezani ndani ya dakika nne. Nilimweka kwenye maji ya bomba yenye klorini, nikamwashia balbu yenye joto la jiko la mkaa. Kwa hiyo anza na maji: tumia yale yale aliyokuja nayo kutoka bwawani, na hadubini iwe ya taa ya LED.

Mimi nawapata kwa mfugaji wa Nyegezi. Chagua wa sentimita moja hivi; akizidi sana mkia unakuwa mzito, huoni kitu.

Mlaze kwenye kisahani cha kioo, mfunike kichwa na mashavu kwa pamba iliyolowa (sisi Wasukuma pamba hatuombi kwa jirani), mkia ubaki wazi chini ya kifuniko cha slaidi. Akirusharusha mkia, subiri. Wengi hapa hubana zaidi. Ukibana damu inasimama, nawe ulikuja kutazama damu.

Anza na lenzi ya mara 4, kisha 10. Punguza tundu la mwanga chini ya meza ya hadubini mpaka picha ikolee. Mshipa unaopeleka damu utaujua kwa kushtukashtuka kufuata moyo. Unaorudisha hutiririka sawasawa. Chembe nyekundu za samaki zina umbo la yai na kiini ndani, si kama zetu.

Simu iweke kwenye mwendo wa taratibu, picha 240 kwa sekunde. Ukiiacha kwenye 30, chembe zinageuka michirizi.

Kamera hunasa eneo lote kwa mkupuo. Hadubini ya leza hupitisha mwanga wake nukta kwa nukta, na vioo vyake vya kawaida huchukua kama sekunde nzima kumaliza picha moja; chembe imeshakwenda zake. Nilipofunzwa Ujerumani, mashine ilikuwa na kioo kinachoyumba mara 8,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni mistari 16,000. Gawa kwa mistari 512 ya picha moja, unapata picha 31 kwa sekunde. Ila kila nukta inamulikwa kwa muda mfupi mno, picha inajaa chenga, na mkono unawasha kuongeza nguvu ya leza. Zivumilie chenga. Ukiongeza unaichoma tishu yenyewe. Hata kwenye simu, 240 hutia giza. Ongeza taa kidogo tu, kwa sekunde chache za kurekodi.

Dakika tano zikitimia, mrudishe majini. Wa jana nimemkuta asubuhi akigombania pumba na wenzake.