Ijumaa Haingoji: Kutembea Omani kwa Siku Mbili za Mapumziko

Omani wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili asubuhi mtu yuko kazini. Mgeni aliyezoea Jumapili ya kwao hupoteza wiki nyingi kabla hajashtuka: Ijumaa analala mpaka adhuhuri, akitoka anakuta maduka yamefungwa kwa sala, anarudi chumbani na simu yake. Mimi nilikaa hivyo miezi minne. Safari za huku hupangwa Alhamisi jioni, na gari linaondoka kabla ya jua.

Anzia Nizwa, kama kilomita 160 kutoka Maskati, lami tupu njia nzima. Kila Ijumaa asubuhi kuna mnada wa mifugo karibu na ngome. Wanunuzi hujipanga mduara, wengine wamechuchumaa, na wauzaji huzunguka katikati na mbuzi kwenye kamba wakitaja bei kwa sauti. Anayemtaka mbuzi humsimamisha mwenyewe, anamfunua mnyama mdomo, anakagua meno, anambinya kiunoni. Mara nyingine anamwachia tu aende zake bila neno.

Mara ya kwanza sisi tulitoka Maskati saa mbili asubuhi, tumepiga pasi kama waendao harusini. Tulichokuta ni mavi ya mbuzi na watu wanafagia. Tukawa tunalaumiana pale, mzee mmoja mwenye bakora akageuka: "Mushachelewa, wanangu." Kiswahili cha Unguja kabisa! Shikamoo zikatutoka zenyewe, na asubuhi yetu ikaishia kwenye kahawa na haluwa. Waomani wengi walizaliwa au kulelewa Zanzibar, wakaja huku baada ya mapinduzi ya 1964 na hasa baada ya 1970, Sultani Qaboos alipoanza kutawala. Kwa hiyo usimsengenye mtu sokoni ukidhani lugha ni yako peke yako. Na uwe umefika saa moja asubuhi; ikigonga saa tatu mnada unaelekea kwisha.

Kwa wanaopenda maji, Wadi Shab (wadi ni bonde la mto) iko karibu na Tiwi, kwenye barabara ya Sur. Unaegesha gari chini ya daraja la barabara kuu, unavushwa kwa mashua kwa riali moja, kisha unatembea kama dakika arubaini na tano juu ya mawe, kuta za mlima huku na huku. Vaa viatu vinavyoshika na vinavyokubali kulowa; kandambili zitakuacha njiani. Mwishoni ni kuogelea, dimbwi baada ya dimbwi, hadi kwenye ufa mwembamba ambao kichwa tu ndicho kinachopita juu ya maji, na ndani yake kuna pango lenye maporomoko. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuelea au abaki dimbwi la kwanza. Kuna wenzetu wanaingia kwa sababu ya picha, nami sioni picha yenye thamani hiyo. Wanawake na wanaume, ogeleeni na fulana na kaptula ndefu. Kijiji kiko karibu na watu wanapita.

Sasa jambo la hatari. Mvua ikinyesha milimani Hajar, maji hushuka wadi kwa ghafla hata kama juu yako ni jua kali. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu, wakiwemo wanafunzi waliosombwa wakiwa garini. Angalia utabiri wa hali ya hewa Alhamisi, na ukikuta maji yanakata barabara, zima injini usubiri. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa kisheria pia. Namba ya dharura ni 9999.

Jebel Akhdar nenda Aprili, mawaridi yakichanua. Juu kule kuna ubaridi wa Lushoto. Ila polisi wana kizuizi chini ya mlima, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne linarudishwa. Kodini moja watu wanne, mgawane. Petroli ya kawaida haifiki robo riali kwa lita, kwa hiyo kinachouma ni kodi ya gari tu.

Kwa dada zetu wa kazi za nyumbani, ambao pengine wana Ijumaa jioni tu, Mutrah, mtaa wa bandari ya zamani hapo Maskati, inatosha. Panda basi la Mwasalat, shuka ufukweni, tembea kutoka soko la samaki ukiwa na bahari kushoto, kisha ingia soko la ndani lenye harufu ya ubani. Hakuna kiingilio. Kitambulisho chako cha ukaazi kiwe mkobani mwako, kisibaki kwenye droo ya mwajiri.

Juni hadi Agosti Maskati hupita digrii 40, na mwendo wa miguu mchana ni kujitesa. Miezi hiyo weka pesa za Salalah. Iko kama kilomita 1,000 kusini, basi hutembea usiku kucha, kwa hiyo siku mbili hazitoshi. Ngoja likizo ndefu. Kule kuna manyunyu, ukungu na kijani kibichi, migomba na minazi imesimama kama Pangani, na kando ya barabara wanauza madafu. Mchuuzi anakata kwa panga mbele yako. Ukimaliza maji, mrudishie akupasulie ule nyama yake.