Namna ya kufuatilia jina adimu la ukoo wa Kiingereza: tulifuate jina Speke kutoka Mwanza hadi Devon

Ukipanda meli ya Nansio kutoka Mwanza, upande wako wa kulia maji yanafunguka kuelekea mashariki, hadi karibu na Serengeti. Hiyo ndiyo Ghuba ya Speke. Henry Morton Stanley aliipa jina hilo mwaka 1875 alipolizunguka Ziwa Viktoria, kwa heshima ya John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza aliyeliona ziwa hilo akiwa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Huku kwetu jina hilo liko kwenye ramani za shule na katika habari za uvuvi, na Kampala limebandikwa hotelini. Kule lilikotoka ni la watu wachache mno. Mwingereza anaweza kuishi hadi uzeeni asikutane na mtu anayeitwa Speke.

Kazi yangu ni kusaka majina ya koo katika kumbukumbu za Uingereza. Wanaonijia wengi ni familia za huku zenye babu aliyeandikwa kwa jina la Kiingereza, na wanafunzi wanaochunguza majina ya mahali. Wote huuliza maswali mawili: jina hili limetoka wapi, na wenye nalo wako wapi? Namna ya kuyajibu ni moja kwa jina lolote adimu. Hapa natumia Speke kwa sababu lina karibu kila mtego ninaoujua. Unahitaji simu au kompyuta, akaunti ya bure ya FamilySearch (tovuti ya kumbukumbu za koo), daftari, na jioni kadhaa.

Hatua ya 1: Andika maumbo yote ya jina kabla ya kutafuta chochote

Kabla ya karne ya 19 tahajia ya jina haikuwa mali ya mwenye jina. Ilikuwa ya karani au kasisi aliyeshika kalamu, naye aliandika alivyosikia. Kwa hiyo chora orodha: Speke, Speake, Speak, Speek, Speck, Spek, na la zamani kabisa, Espec. Ongeza na makosa ya wanakili wa leo, kama Spoke na Spehe. Sehemu ya kutafutia ikikubali kinyota, andika Sp*k*, nayo itakuletea mengi kwa mpigo mmoja.

Orodha hii isiwe kichwani, iandike. Utairudia katika kila hatua, na umbo moja ukilisahau unaweza kupoteza tawi zima la ukoo.

Hatua ya 2: Anzia sensa ya 1881

Wengi wanataka kuanza na wafalme na mashujaa wenye mapanga. Anza na sensa. Ile iliyofanywa usiku wa tarehe 3 Aprili 1881 imenakiliwa yote, inatafutika bure, na inakuonyesha watu kabla ya magari na vita viwili vya dunia kuwatawanya. Majina adimu wakati huo bado yalikuwa yamekaa karibu na chimbuko lake.

Tafuta kila umbo la jina, kaunti kwa kaunti, uandike idadi. Kisha fanya hesabu ambayo wengi huiruka: gawanya idadi hiyo kwa watu wote wa kaunti. Tuseme, kwa mfano tu, umepata watu 10 Somerset na 10 Lancashire. Kwa macho wako sawa. Lakini Somerset mwaka 1881 ilikuwa na watu wapatao 469,000, na Lancashire, yenye viwanda vya pamba na bandari ya Liverpool, ilikuwa na takriban 3,450,000. Katika kila watu 100,000, Somerset itatoa wawili na Lancashire haifikii hata nusu mtu. Somerset ndiko jina lina uzito.

Angalia pia safu ya mahali pa kuzaliwa. Sensa humwandika mtu pale alipolala usiku ule, na mtumishi wa ndani aliyelala London anaweza kuwa mzaliwa wa kijiji cha Devon. Mimi huchora ramani mbili, moja ya walikolala na nyingine ya walikozaliwa, na hiyo ya pili ndiyo ninayoiamini zaidi.

Ramani ya Speke na nduguze haitatoa doa moja. Umbo la Speke linavuta kusini-magharibi, Somerset na Devon. Speak liko kaskazini, mpakani mwa Lancashire na Yorkshire. Speake utalikuta Shropshire. Usikimbilie kuwaunganisha. Madoa yaliyo mbalimbali namna hii mara nyingi ni koo tofauti ambazo majina yao yamefanana kwa bahati.

Hatua ya 3: Rudi nyuma hadi 1837

Uandikishaji wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. Faharasa yake iko bure kwenye tovuti ya FreeBMD. Hapa utakutana na wilaya za uandikishaji, ambazo hazifuati mipaka ya kaunti wala majina ya vijiji. Dowlish Wake, kijiji alikozikwa Speke mpelelezi, kilikuwa chini ya wilaya ya Chard, na asiyejua hilo atatafuta Dowlish Wake asipate kitu. Kwa hiyo jua kwanza kijiji chako kilikuwa wilaya gani.

Hatua ya 4: Daftari za parokia

Hapa ndipo kazi inakuwa tamu. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Si zote zilizosalimika, kwani panya, unyevu na moto vimekula nyingi, lakini zilizobaki zinaweza kukurudisha nyuma miaka 300 kabla ya serikali kuanza kuandikisha.

Fungua picha halisi ya ukurasa, usitegemee faharasa peke yake. Katika mwandiko wa miaka ya 1600 herufi e imegeuzwa, mgongo wake umetazama kulia, na karani mwenye haraka huifunga mpaka inakuwa kama o. Ukikutana na "Spoke" katika faharasa, kuza picha hadi neno lijaze skrini, kisha tafuta e ambayo una hakika nayo kwenye ukurasa huohuo, kwa mfano katika neno "the" au jina la mwezi. Zilinganishe. Zikifanana, umempata Speke mwingine ambaye faharasa ilikuwa imemficha. Nusu saa ya kuangalia picha moja namna hiyo haijapotea.

Jambo jingine ni tarehe. Hadi 1752 mwaka wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto aliyebatizwa "Februari 1684" ni wa Februari 1685 kwa hesabu ya leo. Andika zote mbili, 1684/85, la sivyo utakuja kuona mtoto amezaliwa kabla ya ndoa ya wazazi wake na kuwasingizia wafu jambo ambalo halikutokea.

Hatua ya 5: Wosia, na pengo la Exeter

Wosia hutaja wajukuu, wakwe, mashamba, hata vitanda, kwa hiyo hakuna hati nzuri kuliko hiyo kwa kuunganisha ndugu. Kwa Devon na Somerset, hata hivyo, kuna msiba wa kujua mapema: Mei 1942 ndege za Ujerumani ziliushambulia mji wa Exeter, na wosia nyingi za kaunti hizo mbili zilizokuwa zimehifadhiwa huko ziliteketea. Ukitafuta na kukosa, usidhani ukoo haukuwa na mali. Geukia wosia zilizothibitishwa Mahakama ya Canterbury, mahakama ya kanisa ambayo ilihudumia hasa wenye mali kubwa. Nakala zake ziko Hifadhi ya Taifa, Kew, London. Tafuta pia orodha za kodi ya meko, iliyotozwa kati ya 1662 na 1689 kwa kuhesabu meko za kila nyumba.

Hatua ya 6: Maana ya jina, na mtego wa ramani

Hatua hii nimeiweka nyuma makusudi. Aliyeanza na maana ya jina angefungua ramani, angeona kuna mahali panaitwa Speke ndani ya Liverpool, penye uwanja wa ndege na jumba la zamani la mbao, Speke Hall, angesema, "Nimefika." Mahali hapo ni pa kale kweli. Pamo katika Domesday, kitabu cha mfalme cha 1086 kilichoorodhesha ardhi na wenye nayo, na jina lake linahusishwa na neno la Kiingereza cha kale la vichaka na vijiti. Lakini jumba lile lilikuwa la ukoo wa Norris, na ramani yetu ya 1881 imeshatuambia kwamba uzito wa umbo la Speke uko mbali na hapo.

Tazama kiungo kilicho mbele ya jina katika hati za kale. Waandishi wa enzi hizo waliandika "de" mbele ya jina la mahali, na "le" mbele ya jina la kazi au la utani. Watu wa pwani watanielewa haraka: Al-Lamy ni mtu wa Lamu, lakini Juma Kipara hajatoka mahali panapoitwa Kipara. Ukoo wa kusini-magharibi unatokea katika karne ya 12 kwa umbo la Espec au Espek, bila "de". Ni jina la utani lililokuja na Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza mwaka 1066, na wataalamu wa majina hulihusisha na neno la Kifaransa cha kale la ndege kigogota. Labda alikuwa na pua ndefu, labda alikuwa hatulii. Jina lilimganda yeye na wanawe.

Sasa nenda kaskazini kidogo ya Exeter, kwenye mto Exe, kuna kijiji kinaitwa Brampford Speke. Mwaka 1086 kilikuwa Brampford tu. Ukoo wa Espec ulikipata katika karne ya 12, na kufikia karne ya 13 jina lao lilikuwa limeshikamana nacho. Hapa jina limetoka kwa watu likaenda kwenye ardhi, kinyume kabisa na anavyodhani mwenye ramani ya Liverpool. Dowlish Wake nacho kimebeba jina la ukoo wa Wake. Na ghuba yetu imefuata njia hiyohiyo: utani wa ndege, ukawa jina la ukoo, ukawa jina la maji ya Wasukuma na Wakerewe. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyemwongoza Speke safarini, yeye alibeba jina la mji wa India. Kila nikipita ghubani huwawaza hao wawili pamoja.

Hao Speak wa kaskazini huenda wametokana na mahali pale Liverpool. Wafuatilie kama ukoo mwingine hadi hati ikuonyeshe vinginevyo.

Hatua ya 7: Tafuta kwa nini jina limebaki adimu

Jina la Kiingereza hurithiwa kwa baba. Familia ikizaa mabinti tupu, mali inaendelea na jina linakoma. Walter Espec, bwana wa Helmsley huko Yorkshire, aliyeanzisha abasia (nyumba ya watawa) ya Rievaulx mwaka 1132, alikufa bila mwana, na ardhi yake ikagawanywa kwa dada zake watatu. Huko Somerset, Charles Speke wa Whitelackington alinyongwa sokoni Ilminster mwaka 1685, baada ya uasi wa Monmouth dhidi ya Mfalme James II. Mwaka 1756 Anne Speke aliolewa na Frederick North, aliyekuja kuwa waziri mkuu, na urithi ukaingia kwa akina North. Mpelelezi mwenyewe hakuoa. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake tarehe 15 Septemba 1864, akiwa na miaka 37. Chora mti na uweke alama nyekundu kila mahali tawi lilipoishia kwa binti au kwa mtu asiye na mtoto. Alama hizo ndizo zitakazokueleza uhaba wa jina.

Hatua ya 8: Vinasaba, kwa uangalifu

Kromosomu Y hupita kwa baba kama jina, kwa hiyo wanaume wa jina adimu wakipimwa, aghalabu hulingana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha mwaka 2007 habari ya jina moja adimu la Yorkshire: kati ya wanaume 18 waliopimwa, 7 walikuwa na aina ya Y yenye asili ya Afrika Magharibi, nao hawakuwa na habari. Ni Waingereza, lakini babu yao wa zamani alitoka bara letu. Hilo halimo katika daftari lolote la parokia. Ila usimpime mtu bila ridhaa yake, na uwe umemwambia mapema kwamba majibu yanaweza kutofautiana na simulizi za nyumbani.

Kuhusu tovuti zinazouza "nembo ya ukoo wako", usiwape pesa. Kwa sheria ya Uingereza nembo ni ya mtu na wazao wake waliothibitishwa, si ya kila mwenye jina. Pesa hiyo agizia hati moja ya ndoa kutoka ofisi ya uandikishaji: ina jina na kazi ya baba wa kila upande, na kwa majina hayo mawili utarudi hatua ya 4 ukiwa na kizazi kingine cha kutafuta.