Jinsi ya kuandika riwaya ya mchoro uliopotea alafu ukaja kuonekana

Kama unataka kuandika riwaya kuhusu mchoro uliopotea miaka na miaka alafu ukapatikana, usianzie siku ya kupatikana. Najua ndo sehemu tamu lakini siku ile inakupa kurasa kumi tu, zikiisha umekwama. Anzia na huku: miaka yote hiyo ulikuwa kwa nani, na huyo mtu alikuwa hajui ana nini au alijua akanyamaza?

Chukua mfano wa kweli. Mwaka 1939 Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini, alikuja Zanzibar akachora watu wa pale, mmoja wao mwanaume aliyevaa nguo nyeusi, mchoro unaitwa Arab in Black. Mwishoni mwa miaka ya 50 ukatolewa uuzwe kwenye mnada wa kuchangia mawakili wa kina Mandela kwenye ile kesi ya uhaini, aliyeununua baadae akahamia nao Uingereza, na 2015 ukaja kuonekana kwenye fleti moja London, uko jikoni umegeuzwa ubao wa kubandikia bili na barua! Bonhams, kampuni ya minada ya London, wakaupiga mnada ukaenda kwa zaidi ya paundi laki 8. Yani Zanzibar, Afrika Kusini, London, hapo riwaya ishajigawa yenyewe.

Kwa hiyo kabla hujaandika sentensi hata moja chora mstari kwenye karatasi, weka miaka, na kila mchoro unapobadilisha mikono andika nani kaupata, kaupataje na yule wa kwanza kauachia kwa nini. Deni, kifo, talaka, kuhama nchi, aibu, chochote, ila sababu iwepo. Mtu aliyenunua kitu kwenye mnada kama ule wakati wa makaburu ana sababu nzuri tu ya kutowasimulia wageni alikitoa wapi, na watoto wake wakikua bila kusimuliwa basi kwao ni picha ya jikoni. Ukimya wa namna hiyo msomaji anauelewa, sio mambo ya ghafla tu "ukasahaulika".

Alafu ugeuze mchoro. Mbele kuna sura, nyuma ndo kuna stori: lebo ya duka la fremu, namba ya chaki, muhuri, misumari yenye kutu. Stern michoro yake mingi ya Zanzibar aliitia fremu za mbao za nakshi zilizotoka kwenye milango ya kule, sasa fikiria tukio hili, mhusika wako anampelekea fundi seremala Mji Mkongwe mchoro wa namna hiyo, fundi wala haangalii picha, anapitisha kidole gumba kwenye maua ya nakshi anasema hii ilikuwa mlango. Hapo umemaliza, usimpe maelezo mengine.

Kwenye suala la feki au halisi usiweke profesa wa kuhutubia kurasa tano. Weka kitu kimoja kinachoshikika. Beltracchi, jamaa wa Ujerumani aliyekuwa anachora michoro feki na kuiuza kama ya wachoraji maarufu, alifungwa 2011, na kilichomponza ni mchoro uliodaiwa kuwa wa 1914 kukutwa na rangi nyeupe ya titani ambayo wachoraji wa wakati ule hawakuwa nayo, na jamaa alikuwa anabandika hadi lebo za bandia nyuma ya picha. Kwa hiyo hata lebo zako moja iwe inadanganya.

Sasa kwenye hili naomba utulie: aliyechorwa. Mchoro unaoitwa Tutu wa Ben Enwonwu, mchoraji wa Nigeria, uliopatikana London 2017 baada ya miaka mingi, tunajua aliyekaa kuchorwa ni Adetutu Ademiluyi, binti wa ukoo wa kifalme wa Ife. Lakini yule mwanaume wa Zanzibar kichwa cha mchoro hakimtaji jina. Mpe wewe. Mpe mtaa, mpe kazi, mpe mke aliyemuuliza umekaa kwa yule mzungu asubuhi nzima unafanya nini, alilipwa au hakulipwa, aliuona mchoro ulipoisha au hakuuona kabisa. Alafu kumbuka baada ya mapinduzi ya 1964 familia nyingi ziliishia Oman, kwa hiyo mjukuu wake anaweza kuwa Maskati, anaperuzi simu usiku, anakutana na sura ya babu yake imeandikwa bei. Huyo mjukuu hana karatasi hata moja ya kudai chochote, na kwangu mimi huyo ndo mhusika mkuu, sio mtaalamu wa mnada.

Siku ya mnada iandike kurasa mbili, nyundo igonge watu watoke. Alafu rudi Maskati haraka, maana mjukuu bado hajampigia simu mama yake.