Kompyuta haiwaki? Anza kwa kuchomoa
Kabla hujanunua pawa saplai mpya (kile kiboksi cha ndani kinacholisha kompyuta umeme), tafadhali chomoa kila kitu: printa, flashi, mausi, hata kibodi. Toa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15, kisha rudisha umeme na skrini tu, uwashe. Ikiwaka, zima, rudisha kifaa kimoja, washa tena. Endelea hivyo mpaka umpate mchawi.

Dukani kwangu alikuwa mausi. Feni ya kompyuta ilizunguka mara moja, ikasimama. Waya wa mausi ulichunika karibu na plagi yake, wa ndani mwekundu ukagusana na mweusi. Mwekundu hubeba volti 5, mweusi ni njia ya kurudi. Hapo ni shoti, na mashine nyingi hujizima kujilinda.

Mulika na matundu ya USB kwa tochi: pini iliyopinda huleta balaa lilelile.